Waliosema Kisiruke

Wanangu mnaosomea uhandisi,

Niruhusuni nianze na mpira wa miguu. Timu ya soka ya sekondari ya Clear Lake, karibu na Houston katika jimbo la Texas, ilikuwa na mchezaji ambaye baba yake alikuwa mwanaanga. Baba huyo aliitwa Ellison Onizuka. Wachezaji walitia saini zao kwenye mpira, wakaandika na maneno ya kuwatakia heri wasafiri, naye Onizuka akaupakia pamoja na vitu vyake vya safari. Tarehe 28 Januari 1986 mpira ule ulipaa kutoka Florida ndani ya chombo cha anga kiitwacho Challenger. Baada ya sekunde 73 chombo kilisambaratika angani. Mpira ukaokotwa katikati ya mabaki, saini bado zinasomeka. Familia iliukabidhi kwa shule, ukakaa kabatini miaka na miaka, wanafunzi wanapita mbele yake bila kujua umetoka wapi. Mwaka 2016 mwanaanga mwingine, Shane Kimbrough, aliyekuwa na mtoto katika shule hiyohiyo, alijitolea kuibebea shule kumbukumbu yoyote itakayochagua. Walichagua mpira. Ukapaa mara ya pili, safari hii ukafika kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga na kurudi salama.

Mpira ulirudi. Onizuka na wenzake sita hawakurudi.

Kule Florida ilikuwa saa tano na dakika 38 asubuhi. Hapa kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa moja na dakika 38 usiku, chemli zimekwisha kuwashwa, watu wanangoja isha. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo. Mimi nilikuwa kijana wa sekondari, na habari niliipata redioni kesho yake, kwa sentensi chache: chombo cha anga cha Marekani kimelipuka, watu saba wamekufa, mmoja wao mwalimu. Neno la mwisho ndilo lililonikaa moyoni. Baba yangu alikuwa mwalimu.

Mwalimu huyo ni Christa McAuliffe, mama wa watoto wawili, umri wake miaka 37, aliyefundisha masomo ya jamii katika sekondari ya Concord, jimbo la New Hampshire. Alichaguliwa kati ya walimu zaidi ya 11,000 walioomba. Kazi yake ilikuwa kufundisha vipindi viwili akiwa angani, na ndiyo sababu siku ile shule nyingi za Marekani zilikuwa zimewasha televisheni madarasani. Shuleni kwake wanafunzi walikuwa wamekusanyika na kofia zao za sherehe. Wazazi wake walikuwa palepale Florida, kwenye viti vya wageni, na kamera iliwaonyesha wakiwa wameinua nyuso juu, moshi umekwisha kugawanyika pande mbili, nao bado hawajaelewa wanachokiona. Nimeitazama picha ile mara moja tu. Sitaki kuitazama tena.

Alikuwamo pia Ronald McNair, mtoto wa Lake City, Carolina ya Kusini. Mwaka 1959, akiwa na miaka tisa, aliingia maktaba ya mji wake kuazima vitabu, akaambiwa maktaba hiyo si ya watu weusi. Hakuondoka. Alikaa pale juu ya kaunta akingoja vitabu vyake hadi polisi wakaitwa, na polisi walipofika hawakuona kosa la mtoto aliyetaka kusoma. Akaondoka na vitabu vyake. Alikuja kupata shahada ya udaktari wa fizikia katika chuo cha MIT, na alikuwa mpuliza saksafoni hodari. Jengo la maktaba ile leo lina jina lake. Wengine walikuwa kamanda Dick Scobee. Rubani Michael Smith, ambaye hii ilikuwa safari yake ya kwanza. Judith Resnik, mhandisi wa umeme. Na Gregory Jarvis, aliyekuwa amekwisha kuondolewa katika safari za kabla ya hapo ili wanasiasa wapate nafasi.

Hao ndio saba tunaowahesabu kila mwaka. Leo nataka nikuombeni tuhesabu na wengine, ambao hawakupanda chombo na hawakufa siku ile. Ili muwaelewe, lazima kwanza niwapeleke gereji.

Kila ubavu wa tangi kubwa la mafuta la Challenger ulikuwa na roketi moja ndefu ya mafuta magumu. Roketi hizo zilitengenezwa na kampuni ya Morton Thiokol huko Utah, mbali mno na Florida, na kwa urefu wake hazikuweza kusafirishwa kwa treni zikiwa nzima. Zilitengenezwa vipandevipande, zikaunganishwa Florida. Kila kiungo kilizibwa kwa oringi mbili. Naam, oringi, kitu kilekile anachokitafuta fundi wa pampu kwenye kopo lake la vipuri. Za roketi hii zilikuwa na mzingo wa zaidi ya mita 11, lakini unene wake ulikuwa kama wa penseli tu, milimita 7 hivi. Roketi ikiwashwa, shinikizo la ndani hupanua kiungo kidogo sana, na oringi inatakiwa itanuke papo hapo, ndani ya sehemu ya sekunde, ijaze mwanya kabla moto haujapita. Kukiwa na joto, mpira hufanya hivyo vizuri. Ukipoa, hukakamaa na kuchelewa, na hapo hata sehemu ya sekunde ni muda mrefu.

Hili halikuwa siri. Januari 1985, mwaka mzima kabla ya ajali, chombo kingine kilirushwa baada ya siku za baridi isiyo ya kawaida Florida. Roketi za pembeni zilikuwa zikiokotwa baharini ili zitumike tena, na mhandisi Roger Boisjoly wa Thiokol alipofungua viungo aliikuta grisi iliyokuwa kati ya oringi mbili imegeuka nyeusi tii. Maana yake gesi ya moto ilikwisha kuipita oringi ya kwanza. Boisjoly akaanza kupiga kelele. Julai 31 mwaka ule aliwaandikia wakubwa wake waziwazi kwamba jambo hili lisiposhughulikiwa, watu watakufa. Oktoba mwenzake Bob Ebeling, aliyekuwa akisimamia kazi ya mfumo wa kuwasha roketi, aliandika barua ya ndani akilalamika kwamba kikosi cha kushughulikia viungo kinacheleweshwa kwa kila njia. Neno la kwanza la barua hiyo lilikuwa kilio: msaada!

Sasa tufike usiku wa tarehe 27 Januari 1986.

Asubuhi ya siku ile jaribio la kuruka lilikuwa limeahirishwa kwa sababu bolti moja kwenye mkono wa mlango wa chombo ilikataa kutoka. Mafundi walileta drili, betri zake zikawa dhaifu, ikabidi bolti ikatwe kwa msumeno, na walipomaliza upepo ulikuwa umezidi. Safari ikasogezwa hadi kesho yake. Utabiri wa hewa ukaja: usiku ule joto la Florida litashuka chini ya kiwango cha maji kuganda. Ebeling alipousikia alimpigia simu Allan McDonald, mwakilishi wa Thiokol aliyekuwa Florida, na kutokana na simu hiyo kikaitishwa kikao cha simu baina ya Utah, Florida na kituo cha Marshall cha NASA, shirika la anga la Marekani, huko Alabama. Walishiriki watu 34.

Wahandisi walionyesha chati zao, nyingine zimeandikwa kwa mkono kwa haraka. Pendekezo lao lilikuwa moja: kisirushwe chombo ikiwa joto la kiungo liko chini ya nyuzi 12 za selsiasi, kwa kuwa hiyo ndiyo baridi kubwa kuliko zote waliyokuwa na uzoefu nayo, na hata hiyo iliwatia hofu. Upande wa NASA haukufurahi. Mkubwa mmoja wa Marshall, George Hardy, alisema pendekezo hilo limemfadhaisha. Mwenzake Lawrence Mulloy aliuliza kwani Thiokol wanataka arushe lini, Aprili?

Thiokol wakaomba dakika tano wakate simu wajadiliane wenyewe. Zilikuwa kama thelathini. Boisjoly na mwenzake Arnold Thompson walisimama mbele ya mameneja, wakatandaza picha za grisi nyeusi mezani, wakaeleza upya, wakaeleza tena, mpaka wakaona hakuna anayewasikiliza. Wakarudi kukaa. Ndipo Jerald Mason, mkubwa kuliko wote chumbani, alipomgeukia Robert Lund, makamu wa rais wa uhandisi, akamwambia avue kofia ya uhandisi avae kofia ya umeneja. Sisi tunaijua lugha ya kofia mbili, tunaisikia kila siku katika siasa zetu. Lund alivua. Mameneja wanne wakapiga kura, wahandisi waliojaa chumba kilekile hawakuulizwa. Simu ikarudishwa, Thiokol ikasema imebadili msimamo. NASA wakataka maandishi yenye saini. McDonald alikuwa ndiye wa kutia saini kule Florida, akakataa. Ikasainiwa Utah na bosi wake, Joe Kilminster, ikatumwa kwa faksi.

Mwanasosholojia Diane Vaughan, aliyeuchunguza uamuzi huu kwa miaka, alionyesha kwamba hatari ilizoeleka kidogo kidogo, safari baada ya safari, hadi grisi nyeusi ikawa sehemu ya kazi, na kwamba waliokuwamo waliona wanafuata taratibu. Ninamheshimu sana, na nakubaliana naye nusu. Nusu nyingine naiona katika swali lililoulizwa usiku ule. Siku zote mhandisi wa roketi zile alitakiwa athibitishe kuwa chombo kiko salama. Usiku ule alitakiwa athibitishe kuwa hakiko salama. Aliyeligeuza swali alijua, au alipaswa kujua, kwamba hakuna mhandisi duniani anayeweza kulijibu kabla ya chombo kuanguka.

Ebeling alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba Challenger italipuka. Asubuhi, akiwa njiani kwenda kazini na binti yake, akasema vilevile. Florida mnara wa kurushia ulikuwa umejaa vijiti vya barafu vinavyoning'inia. Utah wahandisi walikusanyika chumba cha mikutano mbele ya televisheni. Boisjoly hakutaka kutazama, Ebeling ndiye aliyemshawishi aingie. Hofu yao ilikuwa kwamba mlipuko utatokea palepale chini, roketi inapowaka. Chombo kikapaa. Kilipoondoka salama, watu wakaanza kuvuta pumzi. Sekunde kama 60 zimepita, Ebeling akamnong'oneza Boisjoly kwamba ndiyo kwanza amemaliza sala ya kumshukuru Mungu.

Sekunde 13 baadaye kikasambaratika.

Uchunguzi ulionyesha kuwa kiungo cha chini cha roketi ya kulia kilivuja tangu mwanzo, moshi mweusi ulionekana kabla hata sekunde moja haijaisha. Kisha masalia ya mafuta yenyewe yakauziba mwanya kwa muda, kama kovu. Yangeweza kushika. Lakini chombo kilipita kwenye upepo mkali wa juu, kikatikiswa, na karibu na sekunde ya 58 mwale wa moto ukatoka ubavuni na kulielekea tangi la haidrojeni.

Kuna jambo ambalo kwa muda mrefu wengi hawakulijua, na mpaka leo wako wasiopenda lisemwe. Chumba cha wanaanga hakikulipuka. Kilichomoka kikiwa kizima, kikaendelea kupanda hadi kama kilomita 20, ndipo kikaanza kushuka. Kilipiga maji dakika mbili na sekunde 45 baada ya chombo kusambaratika. Vilipookotwa vifaa vinne vya hewa ya dharura, vitatu vilikuwa vimefunguliwa, na cha rubani Smith kilifunguliwa na mtu aliyekaa nyuma yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kuifikia swichi yake. Nalisema hili kwa heshima. Katika dakika za mwisho kabisa za kazi ile, mtu mmoja alinyoosha mkono akamfungulia mwenzake hewa. Ripoti za kiufundi zina safu za vipimo vya joto na shinikizo. Mkono ule hauna safu yake.

Rais Reagan aliunda Tume chini ya William Rogers, na wengi wenu mmeona picha ya mwanafizikia Richard Feynman akikitumbukiza kipande cha oringi kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya waandishi, kisha akionyesha kwamba kikibanwa hakirudi upesi katika umbo lake. Ni somo zuri, nami huwafundisha wanafunzi wangu. Lakini Feynman alithibitisha kitu ambacho Boisjoly na wenzake walikwisha kukisema, na waliokisema ndio walioadhibiwa. McDonald aliinuka mbele ya Tume, bila kuitwa, akasema kwamba kampuni yake ilikuwa imependekeza chombo kisiruke. Kampuni ikamshusha cheo. Bunge la Marekani lilipoingilia akarudishwa, akasimamia kazi ya kubuni upya viungo vilevile, na vyombo vikaruka tena Septemba 1988. Boisjoly hakuweza kuendelea. Wenzake walimkwepa, usingizi ulimkimbia, kichwa kikimuuma, akaacha kazi. Alitumia miaka iliyobaki akizunguka vyuo akiwaambia vijana kama ninyi yaliyompata. Alifariki mwaka 2012.

Wanangu, nina sababu yangu ya kuwapenda watu hawa. Nilipokuwa mhandisi kijana kwenye mradi mmoja wa maji, vipimo vya zege ya tangi vilitoka chini ya kiwango. Nilisema, mara moja. Mkubwa wangu akaniuliza kama nina ushahidi kwamba tangi litapasuka. Sikuwa nao. Nikanyamaza, tangi likajazwa, likazinduliwa kwa ngoma. Msimu wa masika lilipasuka usiku, maji yakabomoa ukuta wa nyumba ya jirani, ukamvunja bibi mmoja mguu. Nilikwenda kumjulia hali hospitalini nikiwa na machungwa kwenye mfuko. Hakujua mimi ni nani. Alinishukuru, akaniombea dua, akamenya chungwa moja akanipa nusu. Nililila.

Kwa hiyo niliposikia tarehe 1 Februari 2003 kwamba chombo kingine, Columbia, kimesambaratika juu ya Texas, nilijua tutakuja kusikia nini. Kipande cha sponji kilichotoka kwenye tangi kilikuwa kimegonga bawa la kushoto wakati wa kupaa, wahandisi waliomba bawa lipigwe picha angani, maombi yao hayakufika popote. Saba wengine wakafa. Na miongoni mwa maelfu ya watu waliopita misituni kutafuta mabaki, wawili walikufa helikopta yao ilipoanguka mwezi Machi. Hao pia tuwahesabu.

Nimalizie na Bob Ebeling. Alistaafu muda mfupi baada ya ajali, akabaki na swali moja: angefanya nini zaidi? Karibu na nyumbani kwake Utah kuna hifadhi ya ndege wanaohamahama katika delta ya Mto Bear, ambayo miaka ile ilikuwa imeharibiwa vibaya na mafuriko ya Ziwa Kuu la Chumvi. Ebeling akajitolea huko, bila malipo, mwaka baada ya mwaka, kurudishia tuta, kurudishia barabara, ili ndege wapate mahali pa kutua. Rais wa nchi alimpa tuzo kwa kazi hiyo. Swali halikuondoka.

Januari 2016, miaka 30 kamili, mwandishi wa redio NPR alimfuata nyumbani. Ebeling alikuwa na miaka 89, mgonjwa. Akasema anadhani Mungu alikosea kumchagua yeye kwa kazi ile. Fikirini: mtu aliyeandika barua, aliyepiga simu, aliyesema kisiruke, ndiye aliyekuwa akilia miaka 30 baadaye kwamba hakutosha.

Wasikilizaji mamia wakamwandikia, wengi wao wahandisi, kumwambia kwamba alifanya kazi yake. Barua hizo hazikumtosha. Alitaka kusikia kutoka kwa waliokuwa upande wa pili wa simu ile. Kisha wakaja. Robert Lund, yule aliyevua kofia, alimpigia simu. George Hardy, yule aliyesema amefadhaishwa, alimwandikia barua. NASA nayo ikatuma salamu. Binti yake alimsomea barua moja baada ya nyingine kitandani, na mwandishi alipompigia tena kumuuliza hali yake, mzee aliwashukuru wote walioandika, akasema akili yake iliyokuwa ikisumbuka imepata utulivu. Alifariki Machi mwaka uleule.